Nomisma: Dhahabu ya Konstantinopoli

Mwanzoni mwa karne ya 4, Kaizari Konstantino aliagiza kila ratili ya Kirumi ya dhahabu itoe sarafu 72, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 4.5 hivi. Wagiriki waliiita nomisma. Ndiyo iliyolipia majeshi na kupokelewa kodini, na Cosmas, mfanyabiashara wa Aleksandria aliyefika Aksum katika karne ya 6, aliandika kwamba ilikubalika kila mahali.

Sura zilibadilika. Kaizari Justiniani II alikuwa wa kwanza kuweka uso wa Kristo kwenye sarafu hiyo, kabla hajapinduliwa mwaka 695. Muda mfupi baadaye, mwaka 77 Hijria, Khalifa Abdulmalik bin Marwan akatoa dinari isiyo na sura yoyote, maandishi matupu. Dhahabu ya nomisma yenyewe haikuguswa: kwa takriban miaka 700 ilibaki karibu safi, ingawa makaizari walipinduana na majimbo yakapotea.

Kuharibika kulianza katika karne ya 11. Mikaeli IV, anayesemwa kuwa alikuwa mbadili fedha kabla ya kutawala, alianza kuichanganya na fedha. Waliomfuata walizidisha. Waturuki walipolishinda jeshi la kaizari huko Manzikert mwaka 1071, nomisma ilikuwa na karati 16 hivi. Miaka kumi baadaye ilibaki na nusu ya hizo hivi. Ilikuwa pana, nyembamba, imebonyea kama kisahani, na rangi yake imepauka. Kwangu mimi, mkusanyaji mwenye pesa za kununua chache aanze na hizi zilizopauka, hata kama sonara atazidharau, maana zinaonyesha hazina ya dola ikikauka mwaka kwa mwaka.

Mwaka 1092 Kaizari Alexios I Komnenos alizindua sarafu mpya, hiperpironi, ya karati 20 na nusu. Wapiganaji wa msalaba waliiteka Konstantinopoli mwaka 1204, dhahabu ikaendelea kufifia, na dukati ya Venice, iliyoanza mwaka 1284, ikachukua nafasi yake sokoni. Katikati ya karne ya 14 Konstantinopoli iliacha kupiga sarafu za dhahabu.

Ewe unayetaka kununua, dai kwanza hati ya mahali ilipotoka. Sarafu iliyochimbuliwa kwa siri na kutenganishwa na zilizozikwa pamoja nayo imeshapoteza nusu ya habari zake, na kila anayeinunua anamlipa aliyeipora.