Orodha Iliyogeuka Shairi

Wengi wakisikia neno usasaleo hudhani ni mchezo wa wasomi wa Marekani. Mimi hulieleza kwa kisa cha ubao mmoja.

Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York mjini Buffalo, Stanley Fish alifundisha madarasa mawili kwa kufuatana. La kwanza lilihusu isimu na uhakiki. La pili, mashairi ya dini ya Kiingereza ya karne ya 17. Darasa la kwanza lilipotoka, ubaoni yalibaki majina ya wanaisimu ambao wanafunzi walitakiwa kwenda kuwasoma. Fish akayazungushia mstari, akaandika juu yake "uk. 43", kisha akawaambia wa darasa la pili kuwa hilo ni shairi la dini. Wakalifasiri bila kusita! Katika jina Jacobs waliona ngazi ya Yakobo. Katika Rosenbaum, mwaridi wa Bikira Maria.

Katika kitabu chake cha 1980 Fish alihitimisha kwamba maana haikai ndani ya maandishi ikingoja kuokotwa. Huundwa na wasomaji waliofunzwa kusoma kwa namna moja.

Sikubali kwamba kila jibu ni sahihi, kwani Jacobs alibaki kuwa mwanaisimu. Ninachokiogopa ni uzito wa kauli ya mwalimu. Akisema hili ni shairi, darasa zima huona shairi. Kwa hiyo, ewe mwalimu wa Kiingereza, kabla ya kutia alama, muulize mwanafunzi: neno gani limekuonyesha hivyo? Nawe uwe tayari kuulizwa vilevile.