Milango ya Fahamu na Shairi la Mtoto



Historia ya ushairi wa Kiswahili huanza na wakubwa, na mara nyingi huishia kwao. Leo naomba tumtazame mtoto wa darasa la tatu aliyepewa kalamu na kuambiwa atunge shairi. Aanze na nini: kuhesabu mizani, au kutazama, kugusa na kunusa kile anachotaka kukisema?

Njia hiyo ya pili, kama somo la shuleni, ina historia ya karibu. Katika miaka ya 1960 Ted Hughes, mshairi wa Uingereza, aliandaa vipindi vya redio ya BBC kwa ajili ya shule, na mwaka 1967 vikatoka katika kitabu kiitwacho Poetry in the Making. Fundisho lake lilikuwa kwamba mwanafunzi akikazie fikira kitu chenyewe, akione na kukisikia akilini hadi kiwe hai, na maneno yatamfuata. Neno hai, kwa maoni yake, ni lile lililo mali ya mlango mmojawapo wa fahamu: liko la sikio, liko la jicho, liko la ulimi, la ngozi na la pua.

Kenneth Koch, mshairi aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Columbia, alikwenda kwa watoto wadogo zaidi. Mwaka 1968 aliingia katika madarasa ya P.S. 61, shule ya msingi ya umma mjini New York. Zoezi lake la kwanza lilikuwa shairi la darasa zima: kila mtoto aliandika mstari unaoanza kwa tamko la kutamani, na ndani yake aliweka rangi, mhusika wa katuni, na jina la mji au nchi. Baadaye aliwatolea sauti darasani na kuwauliza zinafanana na nini. Habari hizi zimo katika kitabu chake Wishes, Lies, and Dreams cha mwaka 1970. Humo pia anaeleza kwa nini aliwataka watoto waache vina: mtoto anayesaka kina hukiacha alichotaka kusema na kushika neno lolote lililo karibu.

Je, tuichukue njia hiyo kama ilivyo? Sisi tulipita kwingine. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichozipa kanuni za arudhi maandishi ya wazi. Hakikuandikiwa watoto. Hata hivyo, kwa walimu wengi wa kizazi changu kutunga shairi kulikuwa ndiko huko: mishororo minne, mizani 16, vina vya kati na vya mwisho. Mabishano ya miaka ya 1970, yaliyochochewa hasa na Kichomi cha Euphrase Kezilahabi (1974), yalihusu haki ya mshairi mtu mzima kuviacha vina. Sikumbuki mtu yeyote aliyemuuliza mtoto.

Hoja ya Koch juu ya vina ni hoja ya Kiingereza. Kina cha Kiingereza ni kigumu kupatikana, na ugumu huo ndio unaompotosha mtoto. Katika Kiswahili silabi karibu zote huishia kwa irabu, na irabu zenyewe ni tano tu. Isitoshe, viambishi vya mwisho vya vitenzi humpa mtoto vina bila jasho. Mwambie atunge juu ya mwembe: mti utapendwa, utatunzwa, utapandwa, na beti tatu zitakwisha pasipo yeye kuukumbuka utomvu unaowasha midomo. Hatari yetu ni wepesi wa kina. Mizani nayo si adui, kwa kuwa mtoto asiyejua bado kuandika huweza kuigonga kwa viganja bila kukosea.

Jambo zito zaidi limo katika ile orodha ya milango mitano. Hughes aliweza kuyagawa maneno kwa milango kwa sababu lugha yake inaruhusu, ingawa yeye mwenyewe alikiri kuwa yako maneno yaliyo ya milango zaidi ya mmoja. Katika lugha nyingi za Kibantu kitenzi cha kusikia hakikai sikioni peke yake. Mswahili husikia harufu, husikia baridi, husikia njaa na maumivu. Na mtoto asiyetii tunasema hasikii. Baridi hiyohiyo pia huonwa, kama inavyoonwa haya. Kwa upande mwingine, tunatenganisha kile ambacho wengine hukiacha pamoja: ua hunukia, samaki aliyeoza hunuka, na hukumu imo ndani ya kitenzi kabla mshairi hajaongeza kivumishi. Tuna pia viigizi, ambavyo sarufi za shule huvitaja kwa haraka miongoni mwa vielezi: giza tititi, kimya jii, kulowa chepechepe. Chepechepe ni neno la ngozi, la jicho au la sikio? Kitendawili nacho, kinapoligeuza yai kuwa nyumba isiyo na mlango, kimekuwa kikimfundisha mtoto kukitazama kitu upya kabla ya shule hizi zote.

Nayasema haya kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Mwaka 1983, nikiwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, nilichora ubaoni milango mitano niliyoinakili kutoka kitabu cha Kiingereza, kila mlango na kitenzi chake, kisha nikawataka watoto waandike mstari mmoja mmoja juu ya mvua. Mmoja wao aliandika: “Mvua bado haijaja, naisikia puani.” Nilikata “naisikia” kwa wino mwekundu, nikaandika juu yake “nainusa”, nikampa alama nusu.

Miaka mingi baadaye, nikitayarisha somo la arudhi kwa wanafunzi wa chuo, mstari ule ulinirudia, nikauhesabu. Nasali ya “mvua” si silabi, kwa hiyo kipande cha kwanza kina mizani 8. Cha pili nacho kina 8. Mtoto yule, ambaye hakuwa amefundishwa mizani hata siku moja, alikuwa ametoa mshororo kamili wa mizani 16. Mstari niliomrudishia ulikuwa na 15.