Kutoka treni za Euro hadi jedwali la timu 36: shabiki ajue nini kuhusu msimu wa Ulaya wa 2024/25

Msikilizaji, Kombe la Mataifa ya Ulaya lilimalizika Berlin Julai 14, 2024, Hispania ikiifunga England 2-1. Mwezi mmoja tu baadaye, Agosti 16, Ligi Kuu ya England ikafungua msimu mpya, na Septemba 17 Ligi ya Mabingwa Ulaya ikaanza kwa mfumo ambao hatukuwa tumewahi kuuona. Makala hii inaeleza mambo matatu: shabiki alivyosafiri Ujerumani, mfumo mpya unavyofanya kazi, na saa za mechi kwa majira yetu ya Afrika Mashariki. Mwishoni tunagusa AFCON 2027, maana hiyo safari ni yetu wenyewe.

Euro 2024: tiketi iliyobeba nauli

Mashindano yalikuwa na timu 24, mechi 51 na miji 10: Berlin, Munich, Dortmund, Gelsenkirchen, Cologne, Düsseldorf, Frankfurt, Stuttgart, Leipzig na Hamburg. Tiketi ya bei ya chini kabisa hatua ya makundi ilikuwa euro 30. Kwa fainali, ya chini ilikuwa euro 95 na ya juu euro 1,000.

Jambo zuri kwa shabiki ni kwamba tiketi ya mechi ilikuwa pia nauli. Ukiwa nayo kwenye simu, ulipanda basi, tramu na treni za mjini bure kwa saa 36, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi siku ya mechi hadi saa kumi na mbili jioni siku inayofuata. Treni za masafa marefu zilikuwa na punguzo kwa mwenye tiketi. Waandaaji pia walipanga mechi za makundi kwa kanda, ili timu na mashabiki wake wasikatize nchi nzima kila baada ya siku nne.

Kwenye karatasi mpango huo ulikuwa safi, lakini njiani mambo yalikuwa mengine. Baada ya mechi ya England na Serbia huko Gelsenkirchen, Juni 16, mashabiki walikwama kwa muda mrefu wakisubiri usafiri wa kurudi mjini. Juni 21, Philipp Lahm, nahodha wa zamani wa Ujerumani aliyekuwa mkurugenzi wa mashindano, alichelewa mechi ya Ukraine na Slovakia mjini Düsseldorf kwa sababu treni yake ilichelewa. Hata timu ya Uholanzi, kabla ya nusu fainali ya Dortmund, ilikuta treni yake imefutwa ikalazimika kupanda ndege. Kama nchi yenye reli kila kona inaweza kuelemewa hivyo, tujue kwamba kazi ngumu ya kuandaa mashindano haiishii kwenye nyasi na viti. Kuwatoa watu elfu sitini uwanjani usiku na kuwafikisha wanakolala ni kazi inayojitegemea.

Kwa shabiki wa huku kwetu kuna kizingiti kingine, nacho ni viza. Tangu Juni 11, 2024, ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90, na ukinyimwa hairudishwi. Maana yake, kuomba tu ruhusa ya kuingia kuligharimu karibu mara tatu ya tiketi ya bei nafuu ya mechi. Ndiyo sababu wengi wetu safari yetu ya Euro iliishia kwenye redio na kibanda umiza, wala si aibu.

Ligi ya Mabingwa: makundi yamekwisha

Tulizoea timu 32, makundi manane ya timu nne, kila timu mechi sita. Sasa ni hivi:

- Timu ni 36, zote kwenye jedwali moja kama la ligi.
- Kila timu inacheza mechi nane na wapinzani wanane tofauti, nne nyumbani na nne ugenini. Hakuna marudiano katika hatua hii.
- Timu zimegawanywa kwenye vyungu vinne vya droo. Kila timu inapata wapinzani wawili kutoka kila chungu, kwa hiyo vigogo wanakutana mapema.
- Nafasi ya 1 hadi ya 8 zinakwenda moja kwa moja 16 bora.
- Nafasi ya 9 hadi ya 24 zinacheza mchujo wa mechi mbili, nyumbani na ugenini, kutafuta nafasi nane zilizobaki.
- Nafasi ya 25 hadi ya 36 zinakwenda nyumbani moja kwa moja. Ule mlango wa kuteremka Ligi ya Europa umefungwa.

Mechi zote za mashindano zimepanda kutoka 125 hadi 189. Mechi za hatua ya ligi zinaendelea hadi Januari, na siku ya mwisho ya msimu wa 2024/25, Januari 29, 2025, mechi zote 18 zilichezwa kwa wakati mmoja. Fainali ya msimu huo ilikuwa Munich, Mei 31, 2025. Real Madrid ndio waliokuwa wakitetea kombe msimu huo, baada ya kuifunga Dortmund 2-0 Wembley na kutwaa taji la 15.

Mfano mmoja utasaidia. Liverpool, kwa droo ya Agosti 29, 2024, waliwakaribisha Real Madrid, Leverkusen, Lille na Bologna. Walisafiri kwa Milan, Leipzig, Girona na PSV. Zamani wangesafiri mara tatu kabla ya mtoano. Msimu huo ilikuwa mara nne, katika nchi nne tofauti: Italia, Ujerumani, Hispania na Uholanzi. Kwa shabiki anayeifuata timu ugenini, hiyo ni nauli na malazi ya safari moja zaidi. Nafasi zenyewe ni chache, kwani timu mgeni hutengewa asilimia 5 ya viti vya uwanja.

Ndani ya England kuna nafuu kidogo. Tangu 2016 tiketi ya shabiki mgeni katika Ligi Kuu haizidi pauni 30. Kanuni hiyo haikushuka kutoka mbinguni, ilikuja baada ya mashabiki wa timu pinzani kuungana na kupaza sauti pamoja. Hapo kuna somo hata kwetu.

Maoni yangu kama shabiki: mfumo mpya unatupa mechi kubwa nyingi, lakini miguu ni ile ile. Rodri wa Manchester City aliumia kwenye fainali ya Berlin na hakurudi kipindi cha pili. Wachezaji wa fainali ile walikuwa na kama mwezi mmoja tu kabla ligi kuanza. Ukiona timu yako inasuasua Novemba, kabla ya kumtukana kocha, hesabu kwanza mechi.

Saa za mechi kwetu

Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ambayo mwaka 2024 ilikuwa Oktoba 27, na kuzisogeza mbele Machi, ambapo mwaka 2025 ilikuwa Machi 30. Sisi hatubadili. Kwa hiyo mechi ile ile kwetu inasogea saa moja mbele.

- Ligi ya Mabingwa, mechi za mapema: saa mbili kasorobo usiku hadi mwisho wa Oktoba, kisha saa tatu kasorobo usiku.
- Ligi ya Mabingwa, mechi za usiku: saa nne usiku, kisha saa tano usiku.
- Ligi Kuu England, Jumamosi, mechi za kawaida: saa kumi na moja jioni, kisha saa kumi na mbili jioni.
- Ligi Kuu England, mechi kubwa ya Jumapili: saa kumi na mbili na nusu jioni, kisha saa moja na nusu usiku.

Mechi inayoanza saa tano usiku inamalizika karibu saa saba. Kama kibanda kiko mbali na nyumbani, patana na bodaboda unayemfahamu kabla mechi haijaanza, au rudini kwa kundi. Na kama asubuhi kuna shamba au mnada, redio chini ya mto inatosha.

AFCON 2027: zamu yetu kusafiri

Septemba 27, 2023, Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja AFCON 2027. Hapo hakuna viza ya euro 90. Ni basi la kupita Namanga, Busia, Malaba, Sirari au Mutukula. Tanzania tayari ina treni ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyozinduliwa rasmi Agosti 1, 2024. Kenya ina ile ya Mombasa na Nairobi.

Anayetaka kwenda ana muda wa kujiandaa bila presha:

- Shughulikia hati ya kusafiria mapema. Ofisi ya uhamiaji ya wilaya au mkoa wako itakueleza ipi inakubalika kwenye mpaka unaoutaka.
- Weka tayari cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana huenda ukaulizwa mpakani.
- Anzeni kibubu cha kikundi. Basi la kukodi hupungua bei kwa kila kichwa kinachoongezeka.
- Usinunue tiketi kwa mtu wa mtandaoni usiyemjua. Subiri njia rasmi zitangazwe.
- Panga namna ya kurudi kabla ya kupanga namna ya kwenda.

Na wale wanaoandaa wasiishie kutuonyesha picha za viwanja. Watuambie pia basi la mwisho baada ya mechi litaondoka saa ngapi, na litatuacha wapi.