Magofu Yasiyo na Mawe: Nyayo za Kiswahili Nkhotakota

Sisi tunaofundisha Kiswahili huku tukiishi Lilongwe huulizwa mara kwa mara: lugha hii iliingia Malawi lini? Wengi huamini kwamba ililetwa na wakimbizi. Jibu hilo lina sehemu tu ya ukweli, na ubaya wake ni kwamba humfanya mzungumzaji wa Kiswahili aonekane mgeni asiye na historia yoyote katika nchi hii.

Tuanze na Dzaleka, wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Jina lake linatokana na kitenzi cha Kichewa kuleka, yaani kuacha: aliyepitia gereza lile angesema ameacha, harudii tena. Mrundi na Mnyarwanda huling'amua upesi, kwa kuwa kwao ni kureka. Kambi ilikusudiwa watu wasiozidi 12,000, nayo imekuja kubeba zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Sokoni, vilabuni na makanisani, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha.

Hata hivyo, karibu miaka 150 kabla ya kambi hiyo, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika. Ukitoka Lilongwe, ukapita Salima na kufuata ufuo wa Ziwa Malawi kuelekea kaskazini, utafika Nkhotakota. Hapo ndipo alipoweka makao yake Salim bin Abdallah, mfanyabiashara aliyetoka pwani, katika miaka ya 1840. Yeye na waliomrithi walijulikana kwa cheo cha Jumbe, neno ambalo kila msomaji wetu analifahamu. Majahazi yao yalivuka ziwa, na misafara ikaendelea kwa miguu hadi Kilwa. David Livingstone alifika hapo mwaka 1861 na akarudi mwaka 1863. Mwaka 1889 Jumbe aliwekeana mkataba na Mwingereza Harry Johnston. Miaka michache baadaye Waingereza wakamwondoa Jumbe wa mwisho.

Je, kimebaki nini? Anayetafuta kuta za matumbawe kama za Kilwa Kisiwani au Gedi hatazipata. Ziwani hakuna matumbawe. Nyumba zilijengwa kwa miti na udongo, na udongo ukikosa mwenyewe hurudi ardhini. Ndiyo maana mgeni hupita Nkhotakota akadhani hapana kitu, akaonyeshwa tu mti ambao Livingstone anasemekana kukutana na Jumbe chini yake. Magofu yenyewe yako kwingine: katika misikiti na madrasa, katika kilimo cha mpunga, na katika maneno. Msikiti kwa Kichewa ni mzikiti, na chombo cha majini huitwa ngalawa.

Urithi huu si wa kujivunia tu. Misafara ya Jumbe ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba pia watumwa. Kiswahili kilifika ziwani kikiwa lugha ya biashara hiyo, na mwalimu anayelificha jambo hili huwanyima wanafunzi nusu ya historia. Hali ya Dzaleka ni kinyume chake: huko lugha ileile inasemwa na watu waliokimbia vita na mateso. Tofauti hiyo yafaa ijadiliwe darasani.

Mwezi Agosti 2019, SADC ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, na Malawi ni mwanachama. Wakati wa kuikusanya historia hii ni sasa, maana kila mzee anayefariki Nkhotakota huondoka na majina ya mitaa, ya makaburi na ya vyombo. Wanafunzi wa Dzaleka wangeweza kuifanya kazi hii vizuri, lakini sheria huwataka wakae kambini, na tangu mwaka 2023 imekazwa zaidi; kutoka ni kwa kibali. Basi sisi tulio huru kusafiri tuwe miguu yao. Twende tukarekodi, kisha tuwapelekee sauti hizo wazisikilize, waziandike na kuzichambua. Mwalimu au mwanafunzi aliye tayari na awasiliane na Idara.