Jalada, si Mfuko

Wanaokusanya mabango ya sinema na ya kampeni huniuliza: kile kifuniko kikubwa bapa cha kuyahifadhia tukiiteje? Wengine husema mfuko, wengine faili. Mimi nasema jalada.

Neno hili lina asili ya Kiarabu, kwenye jina la ngozi, kwa kuwa vitabu vilivikwa ngozi. Kwetu limekuwa gamba la kitabu, na pia mkusanyo wa nyaraka za shauri moja. Ndiyo maana polisi hufungua jalada la kesi. Mfuko hubeba tu. Jalada hufunika, hushikilia pamoja na hulinda, na bango linahitaji hayo yote matatu.

Basi jalada lichaguliwe kwa kazi hiyo. Bango la ukubwa wa A1 lina sentimita 59.4 kwa 84.1, kwa hiyo jalada lizidi vipimo hivyo kidogo, pembe zisikunjike. Ndani ziwemo karatasi zisizo na asidi, au kurasa angavu za poliesta. Plastiki laini ya PVC iepukwe kabisa: huchakaa, hutoa mvuke wenye asidi na hunata kwenye wino. Nimeona plastiki hiyo ikibanduka na rangi yote ya bango, na uchungu wake sijausahau.

Jalada lilazwe, lisisimamishwe, maana karatasi iliyosimama hujipinda. Sisi wa pwani tuliweke mbali na sakafu na ukuta wa nje, kwani unyevu ukipita asilimia 65 ukungu huanza kuota.

Mwenye mabango yaliyoviringishwa juu ya kabati, ayashushe leo.