Sifa ya Ubutu: Umbo, Joto na Roketi za Afrika Kusini

Kiswahili hakiupendi ubutu. Kisu butu ni kero ya jikoni, na mwenye akili butu hahitaji maelezo zaidi. Makali ndiyo husifiwa. Hata hivyo, historia ya vyombo viendavyo kwa kasi inayozidi mara 5 ya sauti inatudai tuufikirie ubutu upya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wahandisi wa Marekani walidhani kwamba kichwa cha kombora la masafa marefu sharti kichongoke mithili ya mkuki. Mwaka 1951 H. Julian Allen, wa maabara ya Ames huko California, alionyesha kinyume chake. Pua iliyochongoka huliacha wimbi la mshtuko likiambaa karibu na ngozi ya chombo, na joto humwagika ndani. Pua pana hulisukuma wimbi hilo mbele. Hewa huwaka kabla ya kukigusa chombo, na sehemu kubwa ya joto hubaki humo hewani. Nusu kipenyo ya pua ikiongezwa mara 4, joto linaloipiga ncha yake kila sekunde hupungua kwa nusu. Ugunduzi huo ulikuwa wa silaha, kwa hiyo ulifichwa kwa miaka kadhaa.

Sisi tunaoishi Johannesburg hatuwezi kuisoma habari hii kama ya wengine. Karibu na Pretoria, safari fupi kutoka hapa, serikali ya ubaguzi wa rangi iliunda mabomu 6 ya nyuklia. Mwaka 1989 ilirusha roketi kutoka Overberg, pwani ya kusini, roketi ya aina iwezayo kubeba setilaiti au bomu. Injini haituambii ni lipi lililokusudiwa. Setilaiti hubaki juu. Bomu hurudi, na kila kirudicho hakina budi kuwa na umbo la kustahimili moto wa angahewa. Umbo, basi, ni ushahidi wa nia.

Tarehe 24 Machi 1993 Rais F. W. de Klerk alilitangazia bunge kwamba mabomu hayo yalikuwa yameshavunjwa. Mradi wa roketi nao ukakoma. Miaka 9 baadaye, tarehe 5 Mei 2002, Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Welkom na Mwafrika Kusini wa kwanza kwenda angani, alitua Kazakhstan akiwa ndani ya Soyuz, chombo kinachoingia angahewa kwa kutanguliza kitako chake kipana. Maarifa yaliyotafutwa kwa ajili ya bomu yalikuwa yamemrudisha mtu salama.

Leo Marekani, Urusi na China zinashindana kuunda vyombo vyembamba vinavyoteleza angani kwa kasi hiyo hiyo. Makali yamerudi, na joto lake pia. Wahandisi watajadili ncha iwe na mviringo kiasi gani. Nchi hii, iliyokwisha kuunda silaha hizo na kuziacha, ina haki ya kuuliza swali linalotangulia: ni nini kinachotarajiwa kurudi duniani?