Mzee na Askofu: Imani ya Wapresbiteri na Hoja Iliyotoka Unguja

Makoongwe ni kisiwa kidogo kinachoelekeana na mji wa Mkoani, upande wa kusini-magharibi wa Pemba. Wenyeji wake ni Waislamu, wala si mahali ambapo mtu angekwenda kulitafuta kanisa la Kipresbiteri. Hata hivyo, yeye atakaye kuieleza kwa Kiswahili imani ya Wapresbiteri hana budi kuanza upande huu wa bahari, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya historia: Pemba yote, pamoja na visiwa vyake vidogo, ilihesabiwa ndani ya dayosisi ya Zanzibar ya Waanglikana, na ni askofu wa dayosisi hiyo aliyewataka Wakristo wenzake mwaka 1913 wajibu kama jumuiya isiyo na askofu yaweza kuhesabiwa kuwa kanisa kamili. Ya pili ni ya lugha: maneno yaliyobeba hoja ile, yaani mzee, kasisi na askofu, yana asili mbalimbali katika Kiswahili, na kila moja lina uzito wake katika masikio ya mtu wa pwani.

Jina la Wapresbiteri latokana na neno la Kiyunani, presbuteros, ambalo maana yake ni mzee. Mafundisho yao yalipata sura katika mji wa Geneva chini ya John Calvin, yakatiwa mizizi katika Uskoti kwa juhudi za John Knox mwaka 1560. Kiini chake chaweza kuelezwa kwa maneno machache. Enzi yote ni ya Mungu. Mwanadamu huokoka kwa neema, si kwa stahili ya matendo yake. Maandiko Matakatifu ndiyo kanuni kuu ya imani na mwenendo. Sakramenti ni mbili, Ubatizo na Chakula cha Bwana. Na kichwa cha kanisa ni Kristo peke yake. Kwa kuwa kichwa ni kimoja, hapana mhudumu aliye na daraja juu ya wenzake. Kanisa hutawaliwa kwa mabaraza: baraza la wazee wa mahali, na juu yake presbiteri, kisha sinodi au baraza kuu. Humo mchungaji na mzee asiye mchungaji huketi pamoja na kupiga kura sawasawa.

Katika mafundisho hayo ndimo zilimotoka tabia ambazo Wapresbiteri wajulikana kwazo. Ikiwa Maandiko ndiyo kanuni, basi kila muumini apaswa kujua kusoma. Ndiyo maana shule ilifuatana na kanisa kila walikokwenda. Ikiwa wote wako chini ya hukumu moja ya Mungu, basi hata mchungaji hujibu mbele ya baraza. Na ikiwa kazi ya kila siku ni wito wa Mungu, basi uvivu na ubadhirifu ni makosa ya dini, wala si aibu ya dunia tu.

Watu wa imani hiyo waliingia Afrika ya Mashariki mwaka 1891, walipoanzisha misheni Kibwezi wakiongozwa na Dkt. James Stewart. Homa iliwadhoofisha sana, na mwaka 1898 misheni ikahamishiwa nchi ya Wakikuyu. Mwaka 1901 Kanisa la Uskoti lilishika madaraka yake. Tumutumu ikafunguliwa 1908, na Chogoria 1922. Mahali palipojengwa makao makuu paliitwa Thogoto, jina ambalo husemwa kuwa ni neno "Scot" lililogeuzwa katika ulimi wa Wakikuyu.

Wakati Kibwezi ilipokuwa ikihamwa, Pemba nayo ilikuwa ikipokea Wakristo wa namna mbili. Amri ya Sayyid Hamud bin Muhammad ya tarehe 6 Aprili 1897 iliiondolea hali ya utumwa nguvu ya sheria katika Unguja na Pemba. Marafiki wa Uingereza, ambao ndio Waquaker, walinunua shamba la mikarafuu huko Banani, karibu na Chake Chake, ili walioachwa huru wapate kazi na ujira. Wamisheni wa Kianglikana waliokuwa na makao yao Unguja walijenga upande wa Weti. Hivyo katika kisiwa kimoja zilikuwako ncha mbili za utaratibu wa kikanisa. Marafiki wa Banani hawakuwa na kasisi wala sakramenti. Waliketi kimya wakimngoja Roho. Waanglikana wa Weti walimtazama askofu kuwa ndiye shina la huduma yote. Katikati ya ncha hizo ndipo aliposimama Mpresbiteri: anazo sakramenti na wahudumu waliowekewa mikono, bali hana askofu.

Mwezi wa Juni 1913 wajumbe wa misheni za Kiprotestanti walikutana Kikuyu, kwa Waskoti, Askofu J. J. Willis wa Uganda akiwa mwenyekiti. Waliyotaka ni shirikisho la misheni, lenye kusimama juu ya Maandiko, Imani ya Mitume na ya Nikea, na zile sakramenti mbili. Mwisho wa mkutano Askofu W. G. Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Waskoti, kwa kufuata kitabu cha sala cha Kianglikana, na wengi wasiokuwa Waanglikana walishiriki.

Habari hizo zilipofika Unguja, Askofu Frank Weston, aliyeishika dayosisi ya Zanzibar tangu 1908 hadi alipokufa 1924, aliwashitaki maaskofu hao wawili mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, kwamba wameeneza uzushi na kuleta mfarakano. Tusimdhanie Weston kuwa mtu wa makuu. Kwake yeye askofu alikuwa kiungo cha mnyororo uliofika hata kwa Mitume, na Mwafrika aliyebatizwa jana alistahili kupewa mnyororo mzima, si kipande. Jibu la Davidson lilitoka mwaka 1915: hakuwahukumu walioshitakiwa, lakini aliwashauri wasirudie ibada ya namna ile.

Sasa tutazame maneno yenyewe. Askofu ni neno la Kiyunani, episkopos, lililopita katika Kiarabu. Kasisi nalo lilitoka katika Kiarabu, na asili yake imo hata katika Kurani, katika sura ya 5, Wakristo wanapotajwa. Kwa Mwislamu wa pwani hayo ni majina ya vyeo vya watu wa dini nyingine. Lakini mzee ni neno la Kibantu, la nyumbani. Mtu wa Makoongwe akiambiwa kwamba mji waongozwa na wazee kwa shauri, hana haja ya kufasiriwa. Tena katika msikiti wake imamu hawekewi mikono na mwenye daraja; aijuaye sala na kuaminiwa na wenziwe hutangulia mbele. Tofauti ya imani ni kubwa, wala haifai kuifunika. Lakini kwa upande wa mamlaka, neno la Wapresbiteri lina njia nyepesi zaidi ya kuingia katika akili ya Mswahili kuliko neno la Waanglikana.

Wafasiri wa Biblia nao wameligusa jambo hili, labda pasipo kukusudia. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 20, Paulo anawaita wazee wa Efeso, kisha anawaambia watu walewale kwamba Roho amewaweka kuwa episkopoi. Hapo ndipo Mpresbiteri anaposimamisha hoja yake: mzee na askofu ni mtu mmoja. Tafsiri ya Union ya mwaka 1952 imeandika hapo "waangalizi", bali katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 3, neno lililo na mzizi uleule limeandikwa "askofu". Kila tafsiri ni sahihi mahali pake. Lakini msomaji wa Kiswahili peke yake hataiona hoja ambayo msomaji wa Kiyunani huiona mara moja.

Hata hivyo, neno jema halijitimizi lenyewe. Kanisa la maaskofu lilimpa Cecil Majaliwa ukasisi huko Unguja mwaka 1890. Kanisa la wazee halikuwawekea mikono wachungaji wake wa kwanza wa Kiafrika, akiwamo Musa Gitau, hata mwaka 1926. Serikali ya Kenya ilipotoa mwaka 1919 maagizo ya kuwahimiza Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, Dkt. J. W. Arthur wa misheni ya Kikuyu alijiunga na maaskofu wa Uganda na Mombasa kutoa maoni yaliyotaka ulinzi, lakini yaliyokubali kulazimishwa kwa masharti. Aliyepinga waziwazi, kwa kijitabu alichokichapisha mwaka 1920, alikuwa Weston yuleyule. Na mwaka 1929 misheni ilipowataka washirika wake watie alama ya kidole kukataa tohara ya wanawake na chama cha Kikuyu Central Association, kanisa lilipasuka. Wazee wengine walikubali kwa dhamiri safi. Washirika wengi sana waliondoka, na kutoka kwao zikazaliwa shule na makanisa ya kujitegemea. Neno wazee lilikuwako. Shauri ndilo lililopungua.

Lakini kanuni ile ilikuwa na nguvu ya kuwarekebisha hata wale walioileta. Mwaka 1943 lilianzishwa Kanisa la Presbiteri la Afrika ya Mashariki. Mwaka 1956 presbiteri ya Waskoti waliokuwa ng'ambo iliungana nalo, Mzungu na Mwafrika wakawa chini ya mabaraza mamoja. Na mwaka 1961 Charles Muhoro Kareri akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Msimamizi wake. Mwaka 1971 John Gatu, aliyekuwa Katibu Mkuu, aliwashangaza wengi alipotaka fedha na wamisionari kutoka ng'ambo visimamishwe kwa muda. Neno ambalo kanisa lililishika tangu hapo ni la Kiswahili: jitegemee.

Twaweza basi kusema kwamba hoja ya mwaka 1913 ilikuwa na maswali mawili, na Weston aliuliza moja tu. Aliuliza mamlaka ya kanisa yametoka wapi. Historia ya Wapresbiteri imeongeza la pili: katika baraza, ni nani aliyeketi, na je, asikilizwa? Swali la kwanza wanazuoni wa dini wataendelea kulijadili. La pili laweza kujibiwa hata Makoongwe, na mtu asiyepata kumwona Mpresbiteri maishani mwake, kwa kuwa ajua kwamba mzee asiyesikiliza amebaki na umri tu.